Kifuniko Kilichokuwa Kipimo: Kijiko cha Fedha, Kikasha cha Chai na Kibuyu cha Piyaya

Kijiko cha kikasha cha chai ni kijiko kifupi kupita kawaida, chenye mpini usiozidi urefu wa kidole gumba na kichwa kipana kama kiganja kilichokunjwa, ambacho kilifuliwa kwa ajili ya kazi moja tu: kuchota majani makavu ya chai kutoka kwenye kikasha chake na kuyatia kwenye buli. Ufupi huo haukutokana na ubahili wa mfua fedha bali na udogo wa kikasha chenyewe, kwa kuwa kijiko kilipaswa kulala ndani, juu ya majani, kifuniko kifungwe na ufunguo uzungushwe. Vijiko vya namna hiyo vilitengenezwa kwa wingi nchini Uingereza tangu miaka ya 1770 hadi katikati ya karne ya 19, na wakusanyaji wa vitu vya kale huvitafuta kwa bidii kwa sababu havichukui nafasi, havifanani umbo, na kila kimoja kilichopigwa alama kamili hueleza mji kilikopimwa, mwaka wake na nani aliyekipeleka kupimwa.

Piyaya, kata ya wafugaji wa Kimaasai katika wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, iliyo kaskazini mwa milima ya Gol na kando ya nyanda za Serengeti, iko mbali na historia hiyo, na msomaji ana haki ya kuuliza vipi mambo haya mawili yakutane katika makala moja. Kinachoyakutanisha ni kifuniko. Kabla kijiko cha fedha hakijabuniwa, Waingereza walipima chai kwa kifuniko cha kopo lake, na katika boma la Kimaasai maziwa hunywewa kwa kifuniko cha kibuyu chake. Jamii mbili zisizojuana zilikabiliwa na tatizo moja, yaani namna ya kugawa kitu cha thamani pasipo kukimwaga wala kukiachia kila mkono, zikalitatua kwa namna moja, kisha kila moja ikashika njia yake.

Jina la kikasha hicho kwa Kiingereza, "caddy", lina asili yake katika neno la Kimalei "kati", ambalo halihusiani na "kati" ya Kiswahili, bali ni uzani uliotumiwa katika masoko ya Asia ya Mashariki, sawa na gramu 600 hivi, na uliokuwa kipimo cha kawaida cha kuuzia chai. Kwa hiyo chombo kilichukua jina la kipimo, jambo ambalo Waswahili waliozoea kuita chombo na ujazo wake kwa jina moja, kama vile kibaba na pishi, hawatalistaajabia. Kikasha kilikuwa na kufuli kwa sababu za kiuchumi zilizo wazi: chai ilitoka China kwa jahazi zilizosafiri miezi mingi, na serikali ya Uingereza iliitoza ushuru ambao kufikia mwaka 1784 ulikuwa umefikia takriban asilimia 119 ya thamani yake, kiasi kwamba sehemu kubwa ya chai iliyonywewa iliingia nchini kwa magendo. Ufunguo ulikaa kwa mwenye nyumba, kwa kawaida mwanamke, naye ndiye aliyechanganya na kupima majani mbele ya wageni, huku watumishi wakileta maji ya moto na kuondoka. Vikasha vya matajiri vilitengenezwa kwa fedha, kwa mbao za thamani au kwa mbao zilizovikwa gamba la ng'amba, bidhaa ambayo mwambao wa Afrika Mashariki uliiuza ng'ambo tangu enzi za Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, majani yaliwekwa kwenye makopo marefu ya fedha au kauri yenye shingo nyembamba na kifuniko cha duara kilichotuna kama kuba, na kifuniko hicho, kikigeuzwa, ndicho kilichokuwa kipimo. Mpangilio huo ulikuwa timamu na ungeweza kudumu, lakini mitindo ya samani ilibadilika: makopo yakawa visanduku vyenye mdomo mpana na kifuniko cha bawaba, na kifuniko cha bawaba hakigeuzwi kuwa kikombe. Pengo hilo ndilo lililozaa kijiko. Wafua fedha wa mwanzo walikipa umbo la kombe la pwani, na inasimuliwa kwamba walifanya hivyo kwa sababu wafanyabiashara wa Mashariki walizoea kuweka kombe halisi juu ya majani ndani ya sanduku ili mnunuzi achote na kunusa kabla ya kununua. Simulizi hiyo haina haja ya kuaminiwa yote ili ieleweke, kwa kuwa kombe ni kijiko ambacho bahari imekwisha kukitengeneza, kama vile kifuu cha nazi kinachohitaji kijiti tu ili kiwe upawa.

Mwaka 1784, serikali ya William Pitt ilishusha ushuru wa chai hadi asilimia 12.5, na chai ikaanza kushuka kutoka sebule za makabaila kuingia katika nyumba za watu wa kati, ambao walitaka kijiko cha fedha lakini hawakuwa na uwezo wa kununua fedha nyingi. Waliowahudumia watu hao ni mafundi wa Birmingham. Mji huo, pamoja na Sheffield, ulipata ofisi yake ya kupima fedha mwaka 1773 kutokana na juhudi za mwenye viwanda Matthew Boulton, ambaye alichoka kupeleka kazi zake kupimwa katika miji ya mbali. Kupima fedha kulikuwa na maana ya kuhakikisha kwamba kati ya sehemu 1,000 za madini ya chombo, sehemu 925 ni fedha halisi na zilizobaki ni shaba ya kuipa ugumu. Chombo kilichofaulu kiligongwa alama ya simba anayetembea, alama ya mji, ambayo kwa Birmingham ni nanga ingawa mji huo hauna bahari, herufi ya mwaka, na herufi za jina la fundi. Tangu 1784 hadi 1890 iliongezwa alama ya kichwa cha mfalme au malkia aliyekuwa akitawala, kuonyesha kwamba ushuru wa chombo umelipwa.

Mafundi kama Samuel Pemberton, Joseph Taylor, Matthew Linwood na baadaye Joseph Willmore walipitisha fedha katikati ya magurudumu ya chuma hadi ikawa bamba jembamba karibu na karatasi nene, kisha wakaligandamiza katika chapa ya chuma iliyochongwa umbo, na kwa pigo moja kijiko kikapata mishipa ya jani, mikunjo ya kombe au manyoya ya bawa la tai. Kwa kuwa kijiko cha kuchotea majani makavu hakikoroi wala hakibebi uzito, wembamba wake haukuwa kasoro, na uhuru huo ndio uliowaruhusu mafundi kucheza. Wapo waliotengeneza mkono wa mtu, jani la mzabibu na sepetu ndogo, lakini umbo linalogombewa kuliko yote ni kofia ya mpanda farasi wa mashindano, ambayo ikipinduliwa, kofia yenyewe inakuwa bakuli la kijiko na ukingo wake wa mbele unakuwa mpini. Ni utani wa fundi unaohitaji kushikwa mkononi ndipo ueleweke, na pengine ndiyo sababu umeghushiwa sana.

Ughushi wa vijiko hivi unastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiko elimu ya mkusanyaji inakopimwa. Mghushi hahitaji kughushi alama za serikali, kosa ambalo sheria ya Uingereza iliwahi kuliadhibu kwa kifo. Anachohitaji ni kijiko cha kawaida cha chai cha zama zile zile, chenye alama halali na bei ndogo, ambacho hukatwa mpini, hufuliwa upya na kugeuzwa kuwa kijiko cha kikasha kilicho adimu. Fedha ni ya kweli, umri ni wa kweli, na alama pia ni za kweli, ila chombo ni cha uongo. Kinachomfichua mghushi ni mahali zilipo alama, kwa maana alama za kijiko cha kawaida zilikaa kwenye mpini, na mpini ukifupishwa au bakuli likipanuliwa kwa nyundo, alama huachwa pasipo pake, au huvutika na kuwa ndefu kama kivuli cha jioni.

Kazi ya kijiko hicho ilififia chai ilipoanza kuuzwa ikiwa imekwisha kupimwa. Pakiti za karatasi zilichukua nafasi ya kikasha chenye kufuli, na vifuko vya chai vilivyoenea nchini Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia vikamaliza shughuli. Kijiko hakikufa, kwa kuwa wafua fedha wa karne ya 20, akiwemo Omar Ramsden wa London aliyefariki mwaka 1939, waliendelea kukitengeneza kwa nyundo ya mkono, na wapo wanaokitengeneza hadi leo. Lakini vijiko hivyo vya sasa hununuliwa zaidi na wakusanyaji, yaani watu ambao, kwa sehemu kubwa, chai yao wenyewe imo kwenye vifuko.

Katika pwani ya Waswahili, uhusiano wa fedha na kipimo ulikuwa wa karibu zaidi, kiasi kwamba lugha yenyewe haikuona haja ya kutenganisha madini na pesa na ikayaita yote fedha. Sarafu iliyotawala biashara ya Zanzibar katika sehemu kubwa ya karne ya 19 ilikuwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo iliendelea kugongwa ikiwa na mwaka 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufariki, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi hawakukubali mwaka mwingine. Uzito wake ni gramu 28 na ushei, na katika masoko ya Zanzibar uzito huo wa reale moja ndio ulioitwa wakia, wakia 16 zikifanya ratili. Rupia ya India iliyokuja kushindana nayo ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, ambao ndio uzito wa tola, kipimo cha sonara. Kwa maneno mengine, mtu aliyekuwa na sarafu mfukoni alikuwa pia na jiwe la mizani, na sonara, jina ambalo Waswahili walilipokea kutoka India pamoja na wenye kazi hiyo, aliweza kupokea reale za mteja, kuziyeyusha na kumrudishia zikiwa mtali au kidani, bila ya yeyote kati yao kuhitaji ofisi ya serikali iwathibitishie kilichomo.

Reale ya Maria Theresa ina sehemu 833 za fedha katika 1,000, hivyo chombo kilichofuliwa kutokana nayo hakingefaulu Birmingham. Kosa hilo ni la mizani ya Birmingham, wala si la sonara, kwa maana kila soko lina kipimo chake cha uaminifu, na katika pwani kipimo kilikuwa sarafu yenyewe. Vyombo vya fedha vilivyoheshimika nyumbani vilikuwa mrashi wa kunyunyizia marashi, chetezo cha kufukizia ubani na udi, na kijaluba, kikopo kidogo cha chuma au fedha ambamo hukaa ugoro au chokaa ya kupaka kwenye jani la tambuu. Kijaluba ndicho ndugu wa karibu zaidi wa kikasha cha chai, kwa kuwa nacho ni chombo kidogo chenye kifuniko, cha kuhifadhi kitu cha starehe kinachotolewa kwa kipimo mbele ya mgeni. Tofauti ni kwamba chokaa ya tambuu hupimwa kwa ncha ya kidole, na atakayekosea kipimo huadhibiwa papo hapo, kwa kuwa chokaa ikizidi huunguza mdomo.

Fedha hiyo ya pwani haikupanda bara hadi kwa Wamaasai kwa kiwango chochote cha maana, na sababu yake si umaskini bali ni uchaguzi. Misafara iliyovuka nchi yao katika karne ya 19 ilijua kwamba kilichotakiwa huko ni sengenge za chuma na shaba, nguo na shanga, tena shanga za rangi fulani na urefu fulani wa uzi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alilazimika kusimamisha msafara wake Taveta ili mafurushi ya shanga yatungwe upya, kwa kuwa Wamaasai hawakupokea uzi usio na kipimo chao. Habari hii huchukuliwa kama kichekesho katika vitabu vya wapelelezi wa Kizungu, ilhali ni ushahidi wa soko lenye nidhamu, ambamo mnunuzi ndiye aliyeweka uzani na muuzaji akatii.

Ufuaji nao ulikuwa na mahali pake pagumu. Wafua chuma wa Kimaasai huitwa ilkunono, na ingawa mikuki, sime na mapambo ya chuma yalitoka mikononi mwao, walihesabiwa kuwa kundi la kando ambalo familia nyingine hazikuoana nalo. A. C. Hollis, ofisa Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wamaasai mwaka 1905, aliandika juu ya desturi ya kujipaka mafuta mikononi kabla ya kupokea chombo kilichotoka kwa mfua chuma, ili mkono mtupu usiguse kazi yake.  Hapo ndipo pande hizo mbili zinapotofautiana: Birmingham iliyomgongea fundi jina lake kwenye kijiko ili lisipotee, na Umaasai ambako jina la fundi lilifutwa kwa mafuta kabla mkuki haujashikwa.

Kitu kilichowekewa kipimo katika nchi ya Piyaya ni maziwa, na ili thamani yake ieleweke ni lazima nchi yenyewe ielezwe. Nyanda za majani mafupi zinazoungana na Serengeti zina malisho bora baada ya mvua, lakini hazina maji ya kudumu, na katika msimu ule ule wa malisho bora, kati ya Januari na Machi, nyumbu huzaa kwa mamia ya maelfu katika eneo hilo. Ndama wa nyumbu huambukiza ng'ombe homa ya virusi ambayo huua karibu kila ng'ombe anayeugua, hivyo wafugaji huondoa mifugo yao katika majani mazuri kuliko yote wakati yanapokuwa mazuri zaidi, na kuipandisha mahali pa juu hadi ndama hao wakue. Uzalishaji wa maziwa hupanda na kushuka kwa kufuata mizunguko hiyo, na kuna miaka ambayo ulikatika kabisa: sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Wamaasai, na Oscar Baumann, Mwaustria aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu waliokuwa wakifa kwa njaa.

Ndani ya boma, kila mke ana nyumba yake, enkaji, aliyoijenga mwenyewe, na ng'ombe alioachiwa kukamua, naye ndiye anayegawa maziwa yao kwa mume, watoto na wageni. Hahitaji ufunguo, kwa kuwa haki yake imefungwa kwa desturi kwa nguvu kuliko kufuli. Chombo chake ni kibuyu, enkukuri, ambacho asili yake ni mmea wa mung'unye, na kwa kuwa Wamaasai wafugaji hawakulima, vibuyu vilipatikana kwa kubadilishana na majirani wakulima. Kibuyu kikishakaushwa na kutolewa nyama yake ya ndani huvikwa mikanda ya ngozi, hupambwa kwa shanga, na kuwekewa kifuniko kirefu kinachoshuka shingoni. Kifuniko hicho kikivuliwa na kugeuzwa huwa kikombe, na kila anayenyweshwa hupata kwa kifuniko.

Usafishaji wa kibuyu ni kazi yenye hatua zake, na ndipo ujuzi wa mwanamke unapoonekana. Kibuyu husuuzwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa ndani kwa brashi ndefu, kisha kijiti cha oloirien, yaani mzeituni wa porini, huchomwa motoni hadi ncha yake iwe kaa jekundu, huingizwa kibuyuni kikiwa bado kinawaka na kuzungushwa ukutani mwake, huku kiganja kikiziba mdomo kwa vipindi ili moshi ukae. Mkaa huvunjika humo ndani kwa sauti kavu. Kibuyu hutikiswa, masizi yaliyozidi hukung'utwa, na brashi hupita tena. Kinachobaki ni utando mwembamba mweusi, ambao huzuia maziwa yasiharibike upesi na kuyapa ladha ya moshi ambayo mtu aliyekulia bomani huikosa katika maziwa ya pakiti. Mfua fedha wa Uingereza alisifia madini yake kwa kutoacha ladha yoyote kwenye chai. Mwenye kibuyu husifia chombo chake kwa sababu kinaacha.

Chai iliingia katika maisha haya katika karne ya 20, ikiandamana na sukari. Wajerumani waliijaribu katika kituo chao cha utafiti cha Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne hiyo. Uzalishaji wa kibiashara ulianza mwaka 1926 chini ya Waingereza, na mashamba ya Mufindi yakafuata. Karatu, ambako sehemu kubwa ya bidhaa za madukani za Ngorongoro hupitia, ni nchi ya kahawa, iliyopandwa na walowezi kwenye miteremko ya Oldeani, lakini katika mabegi ya wanaorudi kutoka mnadani, yaani soko la mara kwa mara la mifugo, hukuti kahawa bali sukari na vipakiti vya majani ya chai. Mwanaanthropolojia wa Uswidi, Kaj Århem, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu Wamaasai wa Ngorongoro, alionyesha jinsi maziwa yalivyokuwa yakipungua kwa kila mtu na nafaka ya kununua ikizidi. Chai ilipita katika pengo hilo hilo, kwa kuwa kikombe kimoja cha maziwa kikiongezewa maji, sukari na majani huwa vikombe vitatu.

Majani hayo si yale yaliyolazwa chini ya kijiko cha Pemberton. Chai inayouzwa kwa wingi Tanzania na Kenya husindikwa kwa mashine yenye magurudumu ya meno yanayosaga, kurarua na kuviringisha jani, utaratibu uliobuniwa Assam katika miaka ya 1930, na hutoka ikiwa punje ndogo nyeusi zinazotoa rangi haraka. Punje hizo humiminwa kiganjani, huangaliwa kwa jicho, na kutupwa katika sufuria ambayo maziwa, maji na sukari vimekwisha kuanza kupanda, kisha huchemka pamoja, huchujwa na kumiminwa katika birika na vikombe vya bati. Kijiko cha kikasha hakina kazi hapa, na sababu yake si ushamba kama mtalii anavyoweza kudhani. Kijiko kile kilikuwa chombo cha chai isiyochemshwa, inayolowekwa tu katika buli mezani, ambayo kijiko kikizidi huwa chungu na kikipungua huwa maji. Chai ya sufuria husahihishwa ikiwa motoni, kwa kuongeza maziwa au kuongeza majani, na mpishi huisoma kwa rangi yake inapopanda.

Kuna kipindi kimoja, hata hivyo, ambacho hali ya kikasha chenye kufuli ilirudi kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, uchumi wa Tanzania ulipobanwa, sukari ilikuwa bidhaa ya foleni na mgao, na wenye maduka walioificha walihesabiwa miongoni mwa wahujumu uchumi waliosakwa katika kampeni ya mwaka 1983 iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwenyewe Mmaasai wa Monduli. Chai bila sukari, kwa mfugaji, haikuwa chai bali dawa, na kwa kipindi hicho aliyekuwa na sukari ndani ya sanduku alikuwa na kile ambacho bibi wa Kiingereza wa mwaka 1780 alikuwa nacho ndani ya kikasha chake.

Siku hizi kibuyu nacho kimeingia katika ukusanyaji. Maduka ya vinyago yaliyo kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, kuanzia Arusha hadi Karatu, huuza vibuyu vya maziwa na olkidong', kichupa cha ugoro cha pembe au mwanzi ambacho wazee huvaa shingoni, na makumbusho ya Ulaya yana vingine vilivyopelekwa huko tangu enzi za Wajerumani. Mafuriko ya wanunuzi yamezaa kibuyu kisichowahi kutiwa maziwa, kilichopambwa shanga nyingi kupita kiasi kwa ajili ya rafu ya sebuleni, na tofauti kati ya hicho na cha bomani hugunduliwa kwa macho na pua kama ile ya kijiko cha kweli na cha kughushi. Kibuyu kilichotumika ni cheusi kwa ndani na kinanuka moshi wa oloirien hata baada ya miaka. Nje kimeiva rangi ya mafuta ya mikono. Na kama kilipasuka, ufa wake umeshonwa kwa matundu madogo yaliyolingana, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyetupa kibuyu kilichokwisha kuzoea maziwa yake.

Mkusanyaji wa vijiko, akishapata kijiko kilichotumika kweli, hukuta alama ya simba imelainika hadi karibu kufutika, si kwa majani ya chai, ambayo hayakwangui fedha, bali kwa kitambaa na unga wa kung'arishia uliosuguliwa na watumishi ambao hawakuruhusiwa kukitumia. Katika kibuyu, panapolainika ni ukingo wa kifuniko, ambako midomo ya baba, ya watoto na ya mgeni imepita.